"Dawa ya Usingizi" Katika Chumba cha Meno: Ni Nani Apewaye Ruhusa, na kwa Neno Gani?

Barazani petu huletwa hati za kila aina ili Kiswahili chake kikaguliwe: vyeti vya ndoa, mikataba ya kazi, maelezo ya dawa za mimea, na safari moja hata barua za mapenzi zilizohitajiwa na mahakama kwa ushahidi. Hati tuliyoletewa safari hii ilikuwa fomu ya ridhaa yenye kurasa 4 tu, kutoka zahanati moja ya meno katika jimbo la California, Marekani. Ilikuwa imefasiriwa kwa ajili ya wazazi wasemao Kiswahili, ambao wengi wao, tuliambiwa, wametoka mashariki ya Kongo. Mzazi hutia sahihi chini ya fomu hiyo kabla mtoto wake hajatibiwa meno akiwa amepewa dawa ya kumpunguzia fahamu au ya kumwondolea kabisa. Mfasiri hatutamtaja, na zahanati hatutaitaja. Kosa si lao peke yao. Sehemu yake, kama tutakavyoonyesha, ni letu sisi tuundao istilahi.

Kwa jumla Kiswahili cha fomu hiyo ni safi. Upatanisho wa kisarufi haukosewi, sentensi hazina harufu ya lugha ya kigeni, na mahali pengine mfasiri ameonyesha ufundi wa kupendeza. Lakini tulipoiweka tafsiri kando ya asili yake tuligundua kwamba maneno "dawa ya usingizi" yametokea mara 11, hali katika asili mahali hapo pana istilahi 4 zilizo mbalimbali. Vile vile "mtaalamu wa usingizi" ametokea mara 5, hali asili yataja watu wa namna tatu. Basi mzazi asomaye Kiingereza huambiwa ni kiasi gani cha fahamu mtoto wake atapoteza, na ni nani atakayemtia katika hali hiyo. Mzazi asomaye Kiswahili huambiwa tu kwamba mtoto atapewa dawa ya usingizi na mtaalamu wa usingizi. Wote wawili wametia sahihi, lakini hawakuridhia jambo moja.

Huenda msomaji akauliza kuna haja gani ya kupoteza wino juu ya fomu ya meno. Watu hung'olewa meno kila siku kwa sindano ya ganzi, wakarudi makwao wameshika shavu, na jambo likaisha. Ni kweli. Ganzi haina mgogoro, si katika tiba wala katika lugha. Neno lenyewe ni la wananchi tangu zamani. Yeyote aliyepata kuukalia mguu wake hadi ukafa ganzi alijua maana yake kabla ya kumwona daktari. Sehemu moja ya mwili haina hisi, na mwenyewe yu macho. Mgogoro waanza pale dawa inapovuka shavu ikafika kwenye fahamu. Kinywa ndicho njia ya pumzi, na daktari wa meno afanya kazi yake mlangoni mwa njia hiyo, penye maji, damu na pamba. Mtu aliyelegea huweza kuzibwa na ulimi wake mwenyewe. Mtoto mdogo ana hatari zaidi, kwa kuwa njia yake ya hewa ni nyembamba na akiba ya oksijeni mwilini mwake ni ndogo. Pumzi yake ikikatika, muda wa kumwokoa ni dakika chache tu.

Kwa sababu hiyo nchi nyingi zimeweka sheria za kusema ni nani awezaye kutoa dawa hizo katika chumba cha meno. Na hapa ndipo kazi yetu inapogusana na kazi ya watunga sheria. Sheria ya namna hii haikatazi dawa. Yasema fulani na afanye, na fulani asifanye. Ili iseme hivyo, lazima kwanza lile jambo lenyewe lipewe jina, na jina hilo lipewe mpaka. Jina likiwa legelege, ruhusa nayo huwa legelege.

Inafaa kukumbuka kwamba madaktari wa meno wenyewe walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa ufundi huu. Desemba 1844, mjini Hartford, Marekani, Horace Wells alijing'olesha jino huku akivuta naitrasi oksaidi, ile gesi iliyokuwa ikitumiwa kuwachekesha watu kwenye maonyesho. Mwaka uliofuata alijaribu kuwaonyesha madaktari wa Boston, lakini mgonjwa akapiga kelele na Wells akazomewa. Tarehe 16 Oktoba 1846 mwenzake, William Morton, naye daktari wa meno, alimvutisha mgonjwa etha katika hospitali kubwa ya Boston na upasuaji ukafanyika pasipo kilio. Morton aliipa dawa yake jina la biashara, Letheon, akataka ilindwe kwa hataza. Ndipo tarehe 21 Novemba mwaka huo huo Oliver Wendell Holmes, aliyekuwa tabibu na mwandishi, alipomwandikia barua akimshauri kwamba ile hali iitwe anesthesia, neno la Kigiriki lenye maana ya kutokuwa na hisi. Tunalitaja jambo hili kwa sababu latupendeza sisi wa kazi hii: wiki 5 baada ya tukio, mtu mmoja aliona kwamba haitoshi kuipa jina chupa, bali yapasa kuipa jina hali ya mgonjwa. Letheon imesahauliwa. Neno la Holmes latumika dunia nzima.

Hata hivyo neno hilo lilisema machache mno. Kukosa hisi kuna namna nyingi, na kati ya mtu aliyetulizwa hofu na mtu asiyejua alipo pana safari ndefu. Mwaka 1985 Akademia ya Madaktari wa Watoto ya Marekani ilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya jambo hili, baada ya vifo vya watoto katika matibabu ya meno. Mwongozo huo ulitumia istilahi ambayo, tukiigeuza neno kwa neno, ni "utulizaji wenye fahamu". Kwenye karatasi istilahi ilikuwa njema. Katika vyumba vya matibabu iligeuka kuwa kivuli cha kujifichia: mtoto aliyelala chapa, asiyesikia wala kujibu, aliandikwa kwamba alipewa "utulizaji wenye fahamu", kwa kuwa ndilo jina lililoruhusiwa. Mwaka 2002 Akademia hiyo iliiacha istilahi hiyo. California nayo iliiondoa katika vibali vyake kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022.

Uingereza haikuiacha. Istilahi ile ile, iliyoharibika mikononi mwa Wamarekani, Waingereza wangali wanaitumia, na kwao imesimama imara. Sababu ni kwamba wameipa kipimo kimoja kisicho na mjadala: muda wote wa matibabu mgonjwa awe anaweza kuwasiliana kwa maneno na anayemtibu. Akikoma kujibu, hiyo si tena hali iliyoruhusiwa. Ahesabiwe kuwa ameingia katika nusukaputi. Na nusukaputi wameifungia mlango. Novemba 1998 Baraza Kuu la Udaktari wa Meno la Uingereza liliamua kwamba itolewe na madaktari waliobobea katika kazi hiyo, au walio mafunzoni chini yao, wala si na daktari wa meno mwenyewe. Mwaka 2000 Idara ya Afya ikatoa ripoti yake, na mwisho wa mwaka 2001 nusukaputi katika zahanati za meno za England ikakoma. Tangu hapo hutolewa hospitalini, mahali penye huduma ya wagonjwa mahututi.

Wamarekani walichagua njia nyingine. Oktoba 1999 Chama cha Madaktari wa Nusukaputi cha Marekani kilipitisha jedwali la hali 4: utulizaji mdogo kabisa, utulizaji wa kadiri, utulizaji mzito, kisha nusukaputi. Chama cha Madaktari wa Meno cha nchi hiyo kilizifuata hali hizo katika mwongozo wake wa mwaka 2007, nao ukarekebishwa mwaka 2016. Katika marekebisho hayo lilifanyika jambo ambalo mwanaistilahi hawezi kulipita bila kulisifu. Hapo awali mafunzo yalipimwa kwa njia ambayo dawa huingilia mwilini: aitoaye kwa mdomo alitakiwa masomo machache, aitoaye kwa mshipa masomo mengi. Mwaka 2016 tofauti hiyo ilifutwa. Yeyote anayekusudia kumfikisha mgonjwa kwenye hali ya kadiri, kwa kidonge au kwa sindano, atakiwa kusoma saa 60 na kuwahudumia wagonjwa 20 chini ya mafunzo. Walirudi, kwa maneno mengine, kwenye hekima ya Holmes: kinachopewa jina ni hali ya mgonjwa, si chupa wala sindano.

Pamoja na sifa hiyo, tuna lawama. Majina yenyewe, "mdogo", "wa kadiri" na "mzito", ni maneno ya vipimo yasiyo na mizani. Ukubwa wa jambo hutegemea aliangaliaye. Kipimo cha kweli kipo, lakini kimefichwa katika maelezo chini ya jedwali: katika hali ya kadiri mgonjwa huitikia kwa makusudi aambiwapo neno au aguswapo kidogo, katika hali nzito huitikia tu akisemeshwa mara kwa mara au akiumizwa, na huenda akahitaji kusaidiwa njia ya hewa, katika nusukaputi hashtuki hata kwa maumivu. Msomi aliyesoma maelezo yajua hayo. Mzazi aliyeshika kalamu hajui, kwa sababu fomu humpa jina tu.

Mfasiri wetu alipokutana na majina hayo alifanya nini? Mara mbili aliandika "utulizaji", kisha akaonekana kuliogopa neno hilo, akarudi kwenye "dawa ya usingizi". Hatumlaumu kwa kuliogopa. Neno "kutuliza" kwetu limeshikwa na dawa za maumivu. Mama aambiwaye kwamba mwanawe atapewa dawa ya kutuliza atafikiri ni kidonge cha homa kama alichonacho kabatini. Watu wengine, wakisikia neno hilo, huwazia wagonjwa wa akili. Lakini kimbilio alilolichagua mfasiri ni baya zaidi. Dawa ya usingizi ni ile ambayo mzee asiyepata lepe la usingizi huinunua dukani. Usingizi ni rafiki wa mtoto. Aliyelala huamka akitikiswa, huamka akiumizwa, na pumzi yake hujilinda yenyewe. Aliye katika nusukaputi hana hata moja ya hayo matatu. Kumwambia mzazi kwamba mtoto "atalala kidogo" ni kumfariji kwa neno lisilo la kweli.

Hapa yatubidi tukiri kosa letu. Katika hospitali zetu wataalamu wa kazi hii huitwa madaktari wa usingizi, na jina hilo limekwisha kuota mizizi hata katika vyeo vya serikali. Sisi tuliliachia lipite. Hatupendekezi leo kuling'oa. Cheo kilichozoeleka hakina madhara makubwa, kwa kuwa anayekishika ajijua ni nani. Tunachokataa ni kulitumia neno "usingizi" katika fomu ya ridhaa au katika kifungu cha kibali, mahali ambapo asiyejua ndiye asomaye.

Kwa hali ya mwisho tunalo "nusukaputi", neno lililomo katika kamusi zetu na katika vinywa vya watu. Muuguzi mmoja tuliyezungumza naye alilipinga. Alisema ukimtamkia mama neno hilo atamchukua mtoto wake aende zake, kwa kuwa wengi husikia ndani yake nusu ya kufa. Tumeifikiri hoja hiyo kwa siku kadhaa. Ni hoja ya mtu mwenye huruma, lakini yadhihirisha kwamba neno lafanya kazi yake: mama amefahamu. Kazi ya muuguzi ni kumweleza kwa nini hofu hiyo, ingawa ina msingi, hupunguzwa na ujuzi wa aliye kando ya mtoto. Hiyo ndiyo habari ambayo fomu ilipaswa kumpa.

Kwa hali ya kwanza, ile ya kuondoa hofu tu huku mgonjwa akiwa macho, tunapendekeza "uliwazaji". Kuliwaza ni kumpa mtu faraja pasipo kumwondoa alipo. Gesi ya Wells ikitolewa kwa kiasi kidogo hufanya hivyo hasa.

Ugumu uko katikati, na ndiko sheria ilikoweka mpaka wake mkubwa. Huko California kibali kimoja hutolewa kwa hali ya kadiri na kingine kwa hali nzito na nusukaputi pamoja; basi atakayelikosea neno la katikati amevuka kutoka kibali kimoja hadi kingine bila kujua. Kamati yetu ndogo ilianza na "usinzishaji wa kadiri" na "usinzishaji mzito". Twalisifu neno "usinzishaji", kwani kusinzia si kulala, na kila aliyepata kusinzia ndani ya basi huku akisikia kondakta akitaja vituo aijua hali hiyo ya mang'amung'amu. Lakini "wa kadiri" na "mzito" ni kosa lile lile la Wamarekani lililovaa kanzu.

Lugha yetu ina kitu kilicho bora zaidi. Ina kitenzi "kuitika". Katika nyumba zetu mtoto aitwapo hutakiwa kujibu "Abee!" au "Naam!", na asiyeitika hukemewa. Mama akiita "Asha!" asisikie jibu, hajui kama mtoto amekwenda mbali, amelala au amepatwa na jambo; lakini ajua kwamba yampasa kuacha alichokishika aende kutazama. Kipimo cha Waingereza, ambacho kimewachukua mabaraza na ripoti kukifikia, ndicho hiki. Kwa hiyo twapendekeza "usinzishaji wa kuitika" kwa hali ya kadiri, na "usinzishaji wa kutoitika" kwa hali nzito. Majina haya hayahitaji jedwali. Kipimo kimo ndani ya jina, na hata mhudumu asiye daktari, akiwa amesimama kando ya kiti, aweza kujua mpaka umevukwa.

Daktari mmoja wa meno alituuliza, kwa haki kabisa, mtu aliyepanuliwa kinywa na kuwekewa pamba ataitikaje. Jibu ni kwamba kuitika si kwa sauti peke yake. Twaitikia kwa kichwa, twaitikia kwa mkono. Mgonjwa akiambiwa inua kidole akakiinua, ameitika. Swali lililotushinda ni la mtoto mchanga, au mtoto ambaye tangu hapo hasemi wala hafuati maagizo. Kwake jina letu halina nguvu, na labda ndiyo sababu sheria nyingi huwawekea watoto wadogo masharti ya peke yao. Katika California daktari wa meno atakaye kuwatia katika hali nzito au nusukaputi watoto walio chini ya miaka 7 lazima kibali chake kiwe na idhini ya ziada, na kuna kibali cha pekee hata kwa uliwazaji wa walio chini ya miaka 13.

Lipo jambo moja katika jedwali la Wamarekani ambalo Waingereza hawakulisema waziwazi kiasi hicho, nalo ni kwamba hali hizi 4 hazina kuta baina yao. Wao huziita mfululizo. Mfasiri wa fomu naye aliandika "mfululizo", na msomaji akafikiri mtoto atapitishwa katika hali zote moja baada ya nyingine, kama vipindi vya redio. Sisi tungesema "mteremko". Mtu aliyewekwa katikati ya mteremko huweza kuteleza hadi chini pasipo mtu kukusudia. Kutokana na hilo hutoka sharti lililo moyo wa mwongozo wote: anayekusudia hali moja lazima awe na uwezo wa kumwokoa mgonjwa aliyeteleza hadi hali inayofuata. Fomu iliandika "kumsaidia". Neno hilo tumelifuta kwa wino mwekundu. Kusaidia ni kumpa mtu mkono akipanda gari. Kifungu kinasema kuokoa.

Sasa tuje kwa watu. "Mtaalamu wa usingizi" wa fomu alikuwa, mahali pengine, daktari aliyesomea udaktari kisha akabobea katika nusukaputi. Mahali pengine muuguzi aliyefuzu kazi hiyo. Na mahali pengine daktari wa meno aliyesomea nusukaputi kwa ziada, taaluma ambayo Marekani iliitambua kuwa ubingwa wa meno mwaka 2019. Mtego hapa ni mkubwa kuliko uonekanavyo, kwa sababu Kiingereza chenyewe hakikubaliani: neno ambalo huko London humtaja daktari peke yake, huko Chicago humtaja muuguzi. Mfasiri atumiaye kamusi moja kwa nchi zote mbili atampandisha mmoja cheo au kumshusha mwingine. Dawa ya tatizo hili si istilahi mpya. Ni kusema wazi: daktari wa nusukaputi, muuguzi wa nusukaputi, daktari wa meno mwenye ubingwa wa nusukaputi.

Yuko na mtu wa nne, ambaye fomu haikumpa jina kabisa katika Kiswahili, naye ndiye kiini cha ugomvi wote: daktari mpasuaji wa kinywa ambaye yeye huyo huyo hupasua na yeye huyo huyo husimamia nusukaputi, akisaidiwa na wahudumu wake. Utaratibu huo ni wa zamani Marekani. Wanaoutetea husema kwamba umewahudumia wagonjwa wengi sana, kwamba kuwapeleka watoto wote hospitalini kungewagharimu maskini na kuwaacha na maumivu ya jino miezi mingi wakingoja zamu. Hoja hiyo hatuibezi; tumewaona watoto wakingoja. Wanaoupinga husema mshika mbili moja humponyoka, na mwongozo wa madaktari wa watoto wa mwaka 2019 ulikuwa upande wao: palipo na hali nzito au nusukaputi, pawe na mtu wa pili aliyefuzu, asiye na kazi nyingine ila kumtazama mtoto. Sheria moja ya California ya mwaka 2016, iliyotokana na kifo cha mtoto wa miaka 6, ililazimisha fomu za ridhaa ziseme kwamba utoaji na uangalizi wa nusukaputi huweza kutofautiana kwa kadiri ya tiba, mtoaji, mgonjwa na mahali, na kwamba mzazi ahimizwa kuchunguza njia zote zilizopo. Tumekisoma kifungu hicho mara nyingi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Hakuna uongo ndani yake, na hakuna mzazi atakayefahamu kwa kukisoma kwamba aulize: je, atakayempasua mwanangu ndiye atakayeangalia pumzi yake? Hapa mfasiri hana hatia. Asili ndiyo iliyonong'ona.

Katika kifungu kingine fomu yasema wahudumu watafanya kazi "chini ya usimamizi" wa daktari. Zamani kusimamia kulikuwa kusimama: aliyesimamia shamba alikuwapo shambani. Leo msimamizi wa mirathi aweza kuwa mji mwingine, na msimamizi wa mradi aweza kusimamia kwa simu. Neno limeondoka chumbani. Ikiwa sheria yataka daktari awe ndani ya chumba, Kiswahili cha sheria kiseme "akiwapo chumbani", maneno mawili tu, wala kisiliachie jambo hilo neno lililochoka.

Mtu asidhani haya ni ya ng'ambo. Tanzania, tangu mwaka 2021, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na kazi ya kuzigeuza sheria zilizokwisha kutungwa kwa Kiingereza yaendelea, pamoja na ile ya mwaka 2017 ihusuyo madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Zahanati za meno za watu binafsi zaongezeka mijini. Kanuni ya kusema tabibu wa meno afikie wapi, na daktari wa meno afikie wapi, itakapoandikwa, hakimu ataisoma kwa Kiswahili. Ikisema "dawa ya usingizi", wakili yeyote mwenye bidii atamthibitishia kwamba mteja wake hakumpa mgonjwa usingizi, ila alimtuliza.

Fomu tumeirudisha na masahihisho. Sentensi ya kwanza ya ukurasa wa pili sasa yasomeka hivi: "Dawa atakayopewa mtoto wako yakusudiwa kumsinzisha, lakini akiitwa ataitika. Asipoitika, hiyo si hali tuliyoikusudia, na aliye karibu naye lazima awe na uwezo wa kumwokoa." Limebaki neno moja ambalo hatukuafikiana: jina la yule mtu wa pili, amtazamaye mtoto na asifanye jingine. Mfasiri aliandika "mwangalizi huru", na sote tukawaona mbele yetu watu wenye fulana wakisimama kwenye vituo vya kupigia kura. "Mngojezi" ni neno zuri la kale, lakini vijana wawili katika ofisi yetu walidhani ni mtu aliyeko foleni. Wasomaji wafanyao kazi katika vyumba vya meno na vya upasuaji, hasa wauguzi, twawaomba watuandikie jina walitumialo wao kwa wao wakati wa kazi, hata kama ni la mzaha.